Ukurasa wa Tatu wa Maisha ya Emily Wangu

Baba Paroko, wazee wa kanisa, mama yetu mzazi, Mwalimu Crispus na watoto, majirani wa Langoni mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, na ninyi mliokuja kwa boti kutoka Shela asubuhi hii, mimi ni Jabez Gichohi, mdogo wake marehemu, yule fundi wa friji mnayemjua, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya dada yangu kabla hatujamvusha Mokowe kwenda kumlaza nyumbani Mpeketoni. Kijitabu mlichopewa mlangoni, chenye ile picha yake nzuri, kimechapishwa na hoteli aliyoifanyia kazi, na kwa hilo tunasema asante, lakini nawaomba mkifunge, kwa sababu ukurasa wa tatu, ule unaohusu kazi, hatukuuandika sisi, na mimi sitausoma.

Niseme mapema ili mtu asije akadhani msiba umenipoteza akili. Bwana Khatib, yule aliyesimama nje ya lango kwa sababu zake, alifukuzwa kazi mwezi wa Februari kwa neno aliloliandika dada yangu, kesi yake inasikilizwa Alhamisi ijayo kule Malindi, na neno lile halikuwa la kweli. Karatasi ya kulifuta ninayo hapa mfukoni, ameiandika Emily mwenyewe. Jana mchana meneja mkuu wa hoteli alikuja nyumbani, akatupa pole, akanywa chai, tukamweleza kuhusu karatasi hii, na alipoweka kikombe chini akatuomba kwa upole sana tukumbuke kwamba msibani si mahali pa mambo ya ofisi. Boti mbili zinazotungoja gatini ni za hoteli, Nerea, kifungua mimba wa marehemu, ameajiriwa na hoteli, na friji ninazozitengeneza mimi, nyingi ni za hoteli. Basi mnaona tulivyokaa.

Emily Wangu Gichohi alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 1981, huko Mpeketoni, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu Mzee Gichohi na Mama Tabitha, ambao walitoka Nyandarua mwaka wa 1975 wakiwa na jembe, godoro moja na kuku, wakapewa shamba, wakafyeka, wakaanza maisha. Alibatizwa tarehe 2 Agosti mwaka huohuo. Mama anasema alikuwa mtoto wa kuwahi kila kitu, aliwahi kutembea, aliwahi kusema, na aliwahi kuwasema wenzake.

Alianza darasa la kwanza Januari 1987 katika shule ya msingi iliyo karibu na ziwa, akamaliza la nane mwaka wa 1994, na tangu la nne alikuwa kiranja. Siku moja mwalimu alimwachia ubao aandike majina ya wanaopiga kelele, akaandika jina langu la kwanza kabisa, maana tulikuwa tumeunganishwa madarasa mawili siku ile, na alipokwisha akaandika na lake, kwa sababu alikuwa amefungua mdomo kuniambia ninyamaze. Tulichapwa wote wawili. Nikamuuliza njiani kama ana akili timamu, akanijibu kwamba sheria ni sheria, na hakuwa akinitania.

Mwaka wa 1995 alijiunga na shule ya bweni ya wasichana kule Malindi, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1998 akiwa na alama ya B, kisha kuanzia 1999 hadi 2001 akasoma chuoni Mombasa, akahitimu stashahada ya usimamizi wa wafanyakazi. Baba alichinja mbuzi. Hakuna mtu kijijini aliyejua usimamizi wa wafanyakazi ni kazi gani, na mzee mmoja aliuliza kama hao wafanyakazi hawawezi kujisimamia wenyewe, watu wakacheka, Emily hakucheka.

Alipata kazi yake ya kwanza Februari 2002, ukarani katika chama cha ushirika cha wakulima wa pamba, na hapo ndipo alipokutana na Mwalimu Crispus Barasa, mwenyeji wa Bungoma, aliyekuwa akifundisha sekondari. Walifunga ndoa takatifu tarehe 18 Desemba 2004, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nerea, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 2005, na Patroba, aliyepewa jina la babu yake, aliyezaliwa tarehe 27 Mei 2010 na sasa yuko kidato cha pili. Mwaka wa 2009 Mwalimu alihamishiwa hapa kisiwani Amu, wakapanga nyumba Langoni, ghorofa ya chini kwa Bi Ghada, wakaikaa hadi leo, na mimi nikawafuata mwaka wa 2012 nikiwa na spana zangu, kwa hivyo ninayoyasema niliyaona.

Sasa nafika kazini, na Bwana Meneja ninakuona unatazama saa, nitakwenda pole lakini nitafika.

Tarehe 4 Julai 2011 Emily aliajiriwa ukarani katika Hoteli ya Mlango wa Kusi, pale Shela, na mwaka wa 2017 akapandishwa cheo kuwa afisa wa wafanyakazi. Hoteli ilikuwa na watu thelathini na wanne, nusu wenyeji wa Shela, Amu na Ndau, nusu sisi watu wa bara, na kazi ilikuwa ikiendeshwa kwa jambo walilokuwa wakiliita kushikiana, yaani Ramadhani ikiingia, watu wa bara walishika ukumbi wa chakula kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu, ili wenzao wakafuturu na watu wao na wasali tarawehe kwa utulivu, na Krismasi na Pasaka zikifika, wenyeji walibeba zamu zote, mtu wa bara akaenda kula sikukuu kwa mamake. Hapakuwa na karatasi. Bwana Khatib, mkuu wa ukumbi wa chakula, aliyeingia hoteli ile tangu mwaka 2003, alikuwa nayo yote kichwani, nani ana mgonjwa, nani ana arusi, nani amemshikia nani, na ukienda kutengeneza jokofu jikoni ulikuwa ukisikia watu wakitaniana tangu sahani ya kwanza hadi ya mwisho.

Nisiifanye pepo, kwa sababu Emily hakuona pepo. Yeye aliona kwamba Nasreen wa vyumbani, msichana asiyeweza kumwambia mtu hapana, alikuwa akiwashikia wote na hakuna aliyemshikia, na aliona wawili watatu waliokuwa wakijificha katika kushikiana kama kupe. Jambo hilo lilimkera kwelikweli. Novemba 2023 alipelekwa semina ya siku tatu Mombasa, akarudi na faili la kijani na wazo, na tarehe 8 Januari 2024 mashine ya kidole ikafungwa ukutani karibu na mlango wa jikoni, unaingia unaweka kidole, unatoka unaweka kidole, hakuna kushikiana, mwenye haja ajaze fomu siku mbili kabla. Pamoja na mashine zikaja alama, anayewahi mbili, anayekosa anapunguziwa tano, anayeripoti mwenzake ametoka bila kuweka kidole anaongezewa tatu, na mwisho wa mwezi picha ya mwenye alama nyingi inabandikwa ukutani. Haya hayakutoka kwa meneja. Yalikuwa ya dada yangu, alinieleza sebuleni kwake macho yakimng'aa, akisema kwamba sasa Nasreen naye atalala.

Bwana Khatib alimwendea ofisini siku ya pili, akamwambia kwamba hiyo si ndia, Bi Emily, kazi ya hapa haiendi kwa kidole, yaenda kwa uso, mtu akikutazama unajua leo ana nini. Ummu wa dobi, ambaye mdomo wake mnaujua, akapita nyuma yake na kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Emily aliandika maoni yote mawili kwenye faili la kijani, akatia tarehe, na mashine ikabaki. Kuanzia wiki ile wakamwita Bi Kidole, kwanza kwa mzaha.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa mizuri, lazima niseme, uchelewaji ulipungua, Nasreen alipata picha ukutani, meneja alimpongeza Emily mbele ya wenye hoteli. Kisha Ramadhani ikaingia mwezi wa Machi, na jioni ya kwanza saa kumi na moja ilipofika, watu wa bara waliweka kidole wakaenda zao, kwa sababu kukaa hakukuwa na alama na hakukuwa na fomu, na wenzao wakafungua saumu kwa tende mbili wamesimama ukumbini, trei mkononi, wageni wakiomba chumvi. Hakuna aliyegombana na mtu. Desemba ilipofika, wenyeji nao waliweka kidole wakaenda zao, na watu wa bara wakala Krismasi jikoni wakiosha vyungu. Maneno yaliyokuwa yakisikika hoteli nzima yalikuwa matatu, si zamu yangu, na nilipokuwa nikiingia pale na spana zangu nilijua kuna kitu kimeharibika ambacho mimi si fundi wake.

Nilimwambia Emily hivyo. Akanijibu kwamba watu huchukua muda kuzoea haki.

Tarehe 12 Februari 2025, siku ya Jumatano, saa moja kasoro dakika tano asubuhi, mpira wa maji ya moto ulichomoka katika chumba cha dobi, ukamuunguza Ummu shingo na mkono wote wa kulia, naye akapiga kelele. Kutoka chumba cha dobi hadi kwenye mashine ni hatua ishirini, nimezipima mwenyewe, na kwenye mashine walikuwako watu kumi na mmoja wamepanga foleni, maana saa moja kamili ndiyo saa ya kuweka kidole, na ukitoka kwenye foleni unachelewa. Walisikia. Kila mmoja alidhani kuna aliye zamuni atakayekwenda, na sisemi ili kuwaumbua, wengine mko hapa na mmelia mbele yangu. Aliyekwenda ni Bwana Khatib, ambaye alikuwa ukumbini tangu saa kumi na moja alfajiri akitandika meza, akaacha meza, akambeba Ummu, akamtia kwenye boti ya hoteli akamleta hospitali hapa Amu, na kabla hajang'oa nanga alimpigia simu afisa wa wafanyakazi, dada yangu, aliyekuwa bado nyumbani akivaa viatu.

Siku ile hotelini kulikuwa na ujumbe wa wageni wakubwa, hawakupata staftahi hadi saa tatu, wakalalamika kwa wenye hoteli, na wenye hoteli wakataka jina la mtu. Bwana Khatib hakuwapo kazini kwa saa nne, na mashine ilionyesha kwamba hakuweka kidole cha kutoka. Meneja alimwita Emily, akamuuliza kama Khatib alikuwa na ruhusa, na Emily akajibu kwamba hakuna fomu. Ni kweli fomu haikuwapo. Tarehe 14 Februari akatia sahihi ripoti inayosema Bwana Khatib aliondoka zamuni bila ruhusa ya mtu yeyote, na tarehe 28 Februari, siku ya Ijumaa, mzee aliyekuwa na miaka ishirini na miwili ya kazi akapewa barua, akatoka, na wale aliowashikia zamu miaka yote wakawa wanatazama sahani.

Mzee akasema alipiga simu, akapewa ruhusa. Rekodi ya simu inaonyesha walizungumza dakika moja, haionyeshi walisema nini. Ummu alikuwa amezimia kwa maumivu, hakusikia kitu. Kwa hiyo ulimwenguni walikuwako watu wawili tu wanaojua, mmoja akisema, na mwingine kanyamaza, na Shela watu wakaanza kusema kwamba Khatib uzee umemfanya mwongo. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kazi. Mtu wa Amu ukimwambia maskini atakusamehe, ukimwambia mwongo mbele ya wanawe, humpati tena.

Mtaniuliza kwa nini Emily alinyamaza, nami nilimuuliza, tena kwa hasira. Alisema kwamba kama ruhusa ya mdomo ingehesabika siku ile, basi mwaka mzima ingehesabika, na jioni zote za Ramadhani, na Krismasi yote, na yeye ndiye aliyekuwa amewaambia watu haihesabiki, sasa angekuwa mtu wa kwanza kuivunja sheria yake na wa kwanza kusema ilikuwa mbaya. Aliogopa. Aliyejiandika mwenyewe ubaoni akiwa na miaka tisa, akiwa na arobaini na tatu alishindwa, na mimi dada yangu nilimpenda na nasema alifanya vibaya.

Kuanzia Machi mwaka huu alianza kukonda, tukadhani ni mawazo, akawa anakula chakula cha mchana peke yake ofisini kwa sababu akiingia ukumbi wa wafanyakazi watu walikuwa wananyamaza wote kwa pamoja, na jina la Bi Kidole likawa halina mzaha tena ndani yake. Mwezi wa Juni tumbo lilimzidi, akapelekwa Mombasa, na tarehe 19 Juni 2025 madaktari wakatuambia ni saratani ya ini na imekwenda mbali. Alitibiwa huko hadi tarehe 22 Agosti, kisha akaomba arudishwe Langoni, tukamrudisha.

Tarehe 30 Septemba aliniambia nimwitie wakili. Aliandika kwa mkono wake, akipumzika kila mstari, akatia sahihi mbele ya wakili, akanipa, akasema nimpelekee Bwana Khatib siku ileile. Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa hakuna Bi Kidole wala meneja, ni mimi. Nyumba ya Bwana Khatib na nyumba ya marehemu ni dakika nne kwa miguu. Nilikwenda nayo hadi kona ya msikiti, nikafikiria Nerea, ambaye alikuwa bado katika miezi yake ya majaribio pale mapokezi, nikafikiria na jokofu kubwa la hoteli ambalo nalitengeneza kila mwezi, nikageuka, nikaiweka karatasi chini ya spana ndani ya sanduku langu la kazi. Ikakaa humo wiki sita.

Emily aliniuliza mara ya kwanza, nikasema Bwana Khatib amesafiri Ndau kwa dadake, na kweli alikuwa amesafiri, ila alikuwa amerudi. Aliniuliza mara ya pili, nikasema kesho. Mara ya tatu ilikuwa tarehe 6 Novemba, saa nne asubuhi, sauti yake ilikuwa imekwisha, nikainama, akaniuliza kama nimempa, nikasema nimempa. Akaniuliza alisemaje. Nikamwambia, amesema sawa, hana neno. Akafumba macho, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu Agosti, na mimi nikatoka nje nikakaa barazani kwa Bi Ghada. Nilikuwa nimemzulia mtu maneno, mtu yuleyule aliyezuliwa na dada yangu.

Dada yangu alifariki siku ya Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, nyumbani kwake Langoni, Mwalimu Crispus akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne. Jana meneja alipoondoka, familia ilikaa, wengine wakisema tuinyamazie, maiti hasemwi, wengine wakisema tungoje Alhamisi ipite, na hapo Nerea, ambaye kazi ndiyo yake na ndiyo kwanza ameipata, akaniambia, mjomba, soma, mimi kazi nitatafuta. Basi nasoma, na Bwana Meneja, kwa haki yako niseme kwamba mwezi wa Februari hukujua. Tangu jana unajua.

Anaandika hivi. Mimi, Emily Wangu Gichohi, nikiwa na akili zangu timamu, nathibitisha kwamba tarehe 12 Februari 2025, saa moja na dakika nane asubuhi, Bwana Khatib alinipigia simu akaniambia Ummu ameungua na hakuna mtu wa kumpeleka, nami nikamjibu, nenda, Bwana Khatib, mpeleke, mengine tutayaona. Nilimpa ruhusa kwa mdomo wangu. Ripoti ya tarehe 14 Februari inayosema hakuwa na ruhusa ni ya uongo, na nilipokuwa nikiitia sahihi nilijua. Wale kumi na mmoja waliokuwa kwenye foleni wasilaumiwe, mimi ndiye niliyewapa alama za kusimama pale. Nilidhani watu wakipimwa sawa watapendana, na niliokuwa nikiwapima walikuwa wakipendana tayari, kasoro yao ilikuwa Nasreen, na Nasreen ningeweza kumsaidia kwa kumwita Bwana Khatib tukazungumza dakika tano.

Kuna mstari mmoja zaidi, nao si wa mahakama, ni wetu. Anasema, msimwombe Bwana Khatib msamaha kwa niaba yangu mbele ya jeneza, kwa sababu mbele ya jeneza mtu hana ruhusa ya kukataa, na mimi nimekwisha kumfanyia hivyo mara moja. Mpeni karatasi yake, mumwache.

Mwisho wa karatasi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Amu na wa Mombasa, waliomhudumia bila kutuficha kitu, tunamshukuru wakili aliyepita vichochoro vya Langoni na mguu wake mbovu, tunamshukuru Bi Ghada, aliyekuwa akileta uji kila alfajiri na kutufukuza sisi tukalale, na majirani wote mliotuletea maji, mkeka na viti bila kuulizwa. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake, nanyi niwaambie ninavyowaona, leo mmekuja ishirini na saba, wenyeji na wabara, na hoteli ina wageni, kwa hivyo kuna wachache waliobaki wakiwashikia, na hakuna aliyejaza fomu. Ummu, umekuja na mkono huo, asante. Hoteli tunaishukuru kwa kijitabu na kwa boti, na kama baada ya haya boti hazipo, Bwana Abdulwahid wa Ndau ameniambia yake iko tayari na nafasi ya jeneza ipo, tutavuka kwa mafungu.

Sasa nashuka hapa, nakwenda pale langoni kumpa Bwana Khatib karatasi yake mkononi. Naomba mtu asipige makofi, asiimbe, wala asimtazame usoni kuona atafanya nini, tazameni chini kama watu wenye adabu. Bwana Khatib, si lazima useme kitu, na yale maneno niliyomwambia marehemu kwamba umeyasema, hukuyasema, niliyasema mimi.

Emily, dada yangu, ulilala ukidhani nimempa. Sasa ndiyo nampa. Pumzika kwa amani.